Nichore Chati Gani? Mwongozo kwa Anayeanza Kuonyesha Takwimu

Swali huwa lile lile. Mwanafunzi anafika na daftari lake, au katibu wa chama ananipigia simu jioni na ripoti inatakiwa kesho asubuhi: "Nina takwimu zangu hapa, nichore duara ama nguzo?" Nami humrudishia swali: unataka atakayeiona aondoke na habari gani? Hapo wengi hunyamaza. Kuchora si tatizo lao, maana programu ya simu itawachorea chati kumi kwa dakika moja. Kinachokosekana ni sentensi ambayo chati hiyo inapaswa kuisema.

Kazi yangu hapa Kisumu ni kuandaa ripoti: za vikundi vya akina mama wa soko, za wavuvi wa Dunga, za wanafunzi wanaomaliza masomo Maseno na kwingineko. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno, nikaona heri niliweke jibu lote mahali pamoja. Mifano mingi nimeitoa katika sensa ya watu na makazi ya Kenya ya mwaka 2019, kwa kuwa namba zake ziko wazi kwa kila mtu na unaweza kuzichora mwenyewe ukaona kama ninachosema ni kweli.

Kwanza tuelewane majina. Nikisema chati ya nguzo, ni ile ambayo vitabu vingine huiita grafu ya mihimili au grafu ya pau. Nimechagua nguzo kwa sababu neno mhimili nalihitaji kwa ile mistari miwili, wa chini ulalao na wa kando usimamao, inayobeba vipimo.

## Uwe na nini kabla ya kuanza

- Jedwali zima la data yako, si muhtasari uliokaririwa kichwani.
- Kipimo cha kila safu: ni shilingi, kilo, lita, watu, au asilimia?
- Chanzo na tarehe. Namba zilitoka wapi, na ni za mwaka gani au mwezi gani?
- Habari ya mahali chati itakapoonekana. Karatasi iliyochapwa kwa wino mweusi, ukuta wa projekta na kioo cha simu kwenye kikundi cha WhatsApp ni vitu vitatu tofauti kabisa.
- Programu ya lahajedwali kama Excel au Google Sheets. Huna kompyuta? Karatasi ya grafu, rula, penseli, bikari na kipimapembe vinatosha. Baadhi ya chati safi kabisa nilizowahi kuona zilichorwa kwa mkono.

## Hatua ya 1: Andika sentensi moja

Chukua karatasi uandike, kwa sentensi kamili, jambo moja unalotaka msomaji alione. "Idadi ya watu Magharibi" si sentensi, ni kichwa cha habari. "Kakamega na Bungoma peke yake zina zaidi ya theluthi mbili ya watu wa kaunti nne za Magharibi" ni sentensi: inadai kitu, na mtu anaweza kuikubali au kuikataa akiona namba.

Sentensi yako ikiwa na "na pia" mara mbili, una chati mbili au tatu. Zitenganishe sasa hivi.

Usiiruke hatua hii hata kama muda ni mfupi. Kuna neno dogo ndani ya sentensi hiyo litakalokuchagulia chati, na tutalitafuta katika hatua ya nne.

## Hatua ya 2: Safisha jedwali

Chati mbaya nyingi zilianza kuharibika kwenye jedwali. Angalia mambo haya:

Vipimo vilivyochanganyika. Mkulima mmoja amekuandikia mahindi kwa gorogoro, wa pili kwa debe, wa tatu kwa gunia. Programu haijui tofauti. Itasoma 40 za gorogoro kuwa nyingi kuliko 12 za gunia. Badilisha zote ziwe kilo kabla ya jambo lolote lingine.

Jina moja lililoandikwa kwa namna tatu. "Kakamega", "kakamega" yenye nafasi tupu mwishoni, na "KK" mara nyingi zitahesabiwa kuwa mahali patatu.

Mstari wa jumla. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi. Ukichagua jedwali lote pamoja na mstari wa "Jumla", programu itaichorea jumla nguzo yake. Kwa kaunti nne za Magharibi (Kakamega, Bungoma, Busia na Vihiga), hiyo ni nguzo ya 5,021,843 ikisimama kando ya Vihiga yenye 590,013. Nguzo zote za maana hugandamizwa chini. Iache jumla nje ya eneo unalochagua, na ikihitajika iandike kwa maneno.

Seli tupu nazo zina maana yake. Kama mwezi wa Agosti hamkupima, acha tupu, usiweke sifuri. Sifuri ni kusema mlipima mkakuta hakuna kitu.

## Hatua ya 3: Amua kama unaonyesha idadi au kiwango

Hapa ndipo ripoti nzuri hupotoka pasipo mtu kukusudia. Tazama namba hizi za sensa ya 2019:

- Nakuru: watu 2,162,202, watu 290 kwa kila kilomita ya mraba
- Kakamega: watu 1,867,579, 618 kwa kilomita ya mraba
- Kisumu: watu 1,155,574, 554 kwa kilomita ya mraba
- Vihiga: watu 590,013, 1,047 kwa kilomita ya mraba

Kwa idadi, Nakuru inaongoza na Vihiga iko mkiani. Kwa msongamano, ncha mbili zinabadilishana nafasi: Vihiga inaongoza na Nakuru inakuwa ya mwisho. Namba zote mbili ni za kweli, tena zinatoka katika sensa ile ile. Anayepanga idadi ya madawati anahitaji idadi ya watoto. Anayezungumzia ukosefu wa ardhi ya kulima anahitaji msongamano. Ukichora isiyo yako, hata chati iwe safi namna gani, umejibu swali la mtu mwingine.

Kwa hiyo kila unapolinganisha makundi yasiyolingana ukubwa, jiulize kama unapaswa kugawanya: kwa kila mwanachama, kwa kila ekari, kwa kila watu 1,000. Shule yenye wanafunzi 600 itakuwa na watoro wengi kuliko yenye 90, na hilo peke yake halikuambii lolote kuhusu utoro.

## Hatua ya 4: Tafuta neno dogo katika sentensi yako

Rudi kwenye sentensi ya hatua ya kwanza. Isome polepole. Karibu kila sentensi ya takwimu ina neno linaloibeba, na neno hilo lina chati yake.

Kuliko. "Kisumu ina watu wengi kuliko Siaya." Unalinganisha vitu vyenye majina: kaunti, vikundi, aina za samaki. Hapa ni chati ya nguzo, na katika kazi za kila siku ndiyo itakayokufaa mara nyingi zaidi. Zipange kuanzia kubwa hadi ndogo, isipokuwa majina yana mpangilio wake wa asili kama siku za juma au madarasa. Majina yakiwa marefu, zilaze nguzo ziende kulia, ili majina yasomeke bila mtu kupindua shingo. Omena, mbuta na ngege zinaingia chini ya nguzo zilizosimama bila taabu. Majina ya vikundi vya akina mama, ambayo huwa na maneno manne au matano, hayaingii.

Tangu, hadi, kila mwaka. Sentensi inahusu wakati, na chati yake ni grafu ya mstari. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu kuna mtego ambao hata watu wazoefu huuangukia. Hizi ndizo sensa za Kenya, kwa mamilioni ya watu: mwaka 1948 milioni 5.4; 1962, 8.6; 1969, 10.9; 1979, 15.3; 1989, 21.4; 1999, 28.7; 2009, 38.6; na 2019, 47.6.

Angalia miaka. Kutoka 1948 hadi 1962 ni miaka 14. Kutoka 1962 hadi 1969 ni miaka 7. Baada ya hapo ni miaka 10 kila mara. Ukiichagua grafu ya mstari ya kawaida katika lahajedwali, mara nyingi programu huichukulia miaka kuwa majina tu na kuipa nafasi sawa. Matokeo yake, mstari hupanda milioni 3.2 katika hatua ya kwanza na milioni 2.3 katika ya pili, na mtazamaji anasema, "Aa, ongezeko lilipungua." Lakini gawanya kwa miaka: katika kipindi cha kwanza watu waliongezeka kama 230,000 kwa mwaka, na katika cha pili kama 330,000. Ongezeko lilikwenda kasi zaidi, na mchoro umesema kinyume. Dawa yake ni kuchagua grafu ya nukta zilizounganishwa kwa mstari, ambayo huheshimu umbali wa miaka, au kuugeuza mhimili wa chini uwe wa tarehe. Kwa mkono, pima kwa rula: kama mwaka ni milimita 2, miaka 14 ni milimita 28, na 7 ni milimita 14.

Katika jiografia kuna desturi ya kuonyesha mvua kwa nguzo na joto kwa mstari katika mchoro mmoja. Mvua ya mwezi hukusanyika ikawa kiasi, kama maji kwenye ndoo, kwa hiyo nguzo inaifaa. Ukiwa mwanafunzi, fuata desturi hiyo.

Sehemu ya, nusu ya, katika kila mia. Unaonyesha kitu kizima kilichogawanyika. Hapa chati ya duara inaruhusiwa, kwa masharti: vipande vyote vikijumlishwa viwe kitu kizima, visizidi vinne au vitano, na tofauti zake zionekane kwa jicho. Kaunti nne za Magharibi zinapita mtihani huo: Kakamega asilimia 37.2, Bungoma 33.3, Busia 17.8, Vihiga 11.7. Kwa kipimapembe ni nyuzi 134, 120, 64 na 42. Jumlisha, utapata 360. Ukichora kwa mkono usiache kujumlisha hivyo kabla ya kukata duara, maana kosa la nyuzi tatu huonekana kwenye kipande cha mwisho na hakuna pa kulificha.

Vipande vikizidi vitano, rudi kwenye nguzo. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, William Cleveland na Robert McGill, walipima jinsi watu wanavyosoma michoro, wakakuta kwamba jicho hukadiria vizuri zaidi mahali kitu kilipo kwenye kipimo kimoja cha pamoja kuliko linavyokadiria pembe. Jaribu mwenyewe: chora duara lenye vipande vya asilimia 22, 20 na 18, ufiche namba, umuulize mtu kipi ni kikubwa. Halafu chora nguzo tatu za namba hizo hizo.

Na kama unataka kuonyesha jinsi mgawanyo ulivyobadilika, kwa mfano mauzo ya omena, mbuta na ngege kwa miezi sita, usichore maduara sita. Chora nguzo sita, kila moja imekatwa vipande vitatu, na aina unayoijali zaidi iwe chini kabisa. Kipande cha chini ndicho pekee ambacho vyote vinaanzia mahali pamoja, kwa hiyo ndicho kinacholinganishika vizuri.

Wengi wao, wachache sana, kati ya. "Ng'ombe wengi hutoa kati ya lita 4 na 6, wachache hupita 10." Sentensi hii inaeleza jinsi namba zilivyotawanyika, na chati yake ni histogramu. Watu huidhania kuwa nguzo za kawaida. Tofauti ni kwamba mhimili wa chini ni kipimo kinachoendelea, kwa hiyo nguzo zake hugusana na huwezi kuzipanga upya kwa ukubwa.

Tuseme umepima maziwa ya ng'ombe 30. Weka makundi: 0 hadi pungufu ya 2, 2 hadi pungufu ya 4, na kuendelea. Pitia orodha yako ukipiga vijiti, vinne vimesimama na cha tano kikivikata. Ukimaliza, tayari umeona umbo la histogramu kwenye daftari hata kabla ya kufungua kompyuta. Makundi yakiwa mawili, umbo linapotea. Yakiwa ishirini kwa ng'ombe 30, utapata mapengo kama meno yaliyong'oka. Makundi matano hadi manane kwa data ya ukubwa huo yanatosha.

Umri una shida yake ya pekee. Watu wengi wakiulizwa hutaja miaka inayoishia na 0 au 5. Ukichora umri mmoja mmoja, utaona minara kwenye 30, 35, 40, na mabonde katikati. Tumia makundi ya miaka mitano mitano, kama wanavyofanya watu wa sensa.

Kadiri... ndivyo. "Kadiri shamba linavyokuwa kubwa, ndivyo magunia yanavyoongezeka." Vipimo viwili kwa kila mtu: chora grafu ya nukta, kila mkulima nukta moja. Usiunganishe nukta kwa mstari. Ukiona zimeelekea juu kwa pamoja, umeona uhusiano. Kwamba kimoja ndicho kilichosababisha kingine, nukta hazikuambii.

Huku, upande wa. Sentensi ya mahali huomba ramani. Ramani ni tamu kwa macho lakini ina hila: kaunti kubwa kwa ardhi huteka jicho hata kama ina watu wachache. Turkana hujaza kona nzima ya ramani ya Kenya, na Vihiga ni kidoa, ingawa kidoa hicho kimebanana watu. Kwenye ramani ya rangi onyesha viwango, si idadi. Kama huna programu ya ramani, nguzo zilizopangwa zitaifanya kazi hiyo bila wasiwasi.

## Hatua ya 5: Chora, ukianzia sifuri

Kwa chati ya nguzo, mhimili uanze na sifuri. Hapa sina mapatano, kwa sababu nguzo husema kwa urefu wake.

Chukua kaunti tatu za kando ya ziwa: Kisumu 1,155,574, Homa Bay 1,131,950, Migori 1,116,436. Kisumu inaizidi Migori kwa watu 39,138, yaani asilimia 3.5 hivi. Sasa uanzishe mhimili wima kwenye 1,100,000. Nguzo ya Kisumu inabaki na urefu wa 55,574 na ya Migori 16,436. Kwa jicho, Kisumu imekuwa zaidi ya mara tatu ya Migori. Hujabadilisha hata tarakimu moja, na umetia chumvi kuliko mtu aliyedanganya kwa maneno.

Naisema hii kwa uchungu kwa sababu ilinipata. Nilikuwa nimechora akiba za vikundi vitatu vya soko. Programu ilijianzishia mhimili ilipopenda, nami sikutazama, nikachapisha. Mkutanoni nguzo ya kikundi cha tatu ilikuwa nusu ya ile ya kwanza. Mama mmoja alisimama ameishika karatasi kwa mikono miwili, akaniuliza, "Mwanangu, pesa zetu nyingine zimekwenda wapi?" Hazikuwa zimekwenda popote. Tofauti kwa kila mwanachama haikufika hata nauli ya matatu kutoka Kisumu hadi Kakamega. Lakini mweka hazina alikaa kimya, kitabu kikiwa magotini, watu wote wanamtazama yeye. Tulisoma kitabu hicho mstari kwa mstari mpaka giza likaanza kuingia, na shilingi zote zikapatikana. Juma lililofuata nilirudi na chati iliyoanzia sifuri, nikaeleza mbele ya wote kwamba kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo, jambo la kwanza ninaloangalia kwenye chati ni ile namba ya chini kabisa pembeni.

Grafu ya mstari si lazima ianze na sifuri, maana yenyewe husema kwa mwinuko. Kina cha ziwa kinachobadilika kwa sentimita hakiwezi kuonekana ukianzia sifuri. Lakini ukianzia pengine, iandike namba hiyo ionekane wazi.

Jihadhari pia na mihimili miwili ya wima katika mchoro mmoja, wa kushoto shilingi na wa kulia kilo. Kwa kunyoosha mmoja au kuubana, unaweza kuifanya mistari ikutane popote utakapo. Mbali na ile desturi ya mvua na joto, chora grafu mbili, moja juu ya nyingine, zikitumia miezi ile ile.

## Hatua ya 6: Ondoa mapambo, weka maneno

Ondoa kivuli, mandhari ya rangi, na zaidi ya yote ule unene unaoifanya chati ionekane kama keki. Duara lililolazwa hukuza kipande cha mbele na kudumaza cha nyuma.

Kisha weka:

1. Kichwa, ambacho ni ile sentensi yako ya hatua ya kwanza.
2. Kipimo kwenye kila mhimili: "Watu (mamilioni)", "Lita kwa siku".
3. Chanzo na mwaka, kwa maandishi madogo chini.
4. Majina kando ya mistari au vipande vyenyewe, badala ya kisanduku cha rangi pembeni kinachomfanya msomaji aende na kurudi.

Rangi iwe na kazi. Nguzo zote ziwe kijivu, na ile inayozungumziwa iwe ya rangi iliyokolea. Nyekundu na kijani zisisimame pamoja kama tofauti pekee. Kuna watu, wanaume hasa, ambao macho yao hayazitenganishi, na printa ya wino mweusi nayo haizitenganishi.

## Hatua ya 7: Mwonyeshe mtu

Mtafute mtu asiyeijua kazi yako. Mpe chati kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, kisha igeuze uso chini. Mwulize, "Umeona nini?" Akisema sentensi yako, hata kwa maneno yake, umemaliza. Akisema, "Nimeona rangi nzuri," rudi hatua ya nne. Usimweleze wala kumtetea mchoro wako. Ripoti ikishafika kwa wasomaji hutakuwepo kuwaeleza.

## Ikikataa

Grafu imetoa mstari wa ajabu uitwao "Mwaka". Programu imedhani miaka yako ni data. Ukiwa umeandika watu kwa mamilioni, mstari wa Mwaka utapaa kwenye 2,000 na data yako italala chini kama uzi. Futa maneno kwenye kichwa cha safu ya miaka, seli ile iwe tupu, kisha chagua na uchore upya. Au uondoe mfululizo huo kwenye mipangilio ya data.

Chati imetoka tupu, au nguzo zote ni sifuri. Namba zako ni maandishi. Hutokea sana ukiwa umenakili kutoka WhatsApp au PDF. Ukiona zimeegemea kushoto ndani ya seli, hizo ni maandishi. Ondoa herufi kama "KSh" na nafasi tupu, ugeuze seli ziwe za namba.

Nguzo moja imemeza nyingine zote. Kwanza hakikisha si mstari wa jumla, wala si kosa la sifuri moja iliyozidi. Kama ni namba halali, chora bila hiyo na uitaje kwa maneno, au chora mbili: moja ya wote, moja ya wadogo peke yao. Usiikate nguzo katikati kwa alama ya msumeno; wachache huiona alama hiyo.

Mistari imekuwa mingi, kama tambi. Ikizidi minne, yote iwe kijivu hafifu na uipake rangi ule mmoja unaouzungumzia. Ikiwa yote ina uzito sawa, chora grafu ndogo ndogo zenye vipimo sawa, uzipange safu safu.

Asilimia zangu zinajumlisha 99.9 au 100.1. Ni kukadiria desimali. Acha hivyo na uandike chini kwamba namba zimekadiriwa. Zikijumlisha 130, hilo ni jambo jingine: huenda watu waliruhusiwa kuchagua majibu zaidi ya moja. Hapo duara halifai kabisa, tumia nguzo.

Kipande kimoja hakionekani. Sensa ya 2019 ilihesabu wanaume 23,548,056, wanawake 24,014,716, na, kwa mara ya kwanza nchini, huntha (watu waliozaliwa na maumbile ya jinsia yasiyo ya kiume wala ya kike peke yake) 1,524. Kwenye duara, hao 1,524 wanapata kiasi cha sehemu moja ya mia ya nyuzi moja. Hakuna penseli inayoweza kuchora hapo, na ukiwaacha nje umewafuta watu. Weka jedwali la mistari mitatu. Jedwali ni jibu halali kila msomaji anapohitaji namba kamili, au namba zenyewe zikiwa tatu nne tu.

Kwenye simu haisomeki. Itume kwako mwenyewe kwanza uitazame bila kuikuza. Herufi ziongezwe, nguzo zilazwe, na kama bado haisomeki, igawanye iwe mbili.

Sina sentensi. Nimekaa na jedwali na halisemi kitu. Hutokea, hasa kama data hukuikusanya wewe. Basi chora michoro mitatu ya haraka kwa penseli: nguzo zilizopangwa kwa ukubwa, mstari wa wakati kama kuna tarehe, na histogramu ya safu moja ya namba. Usiipambe, hii ni yako peke yako. Tafuta mahali jicho linaposhtuka: nguzo iliyoachana na wenzake, mwezi ulioporomoka, kundi lililojitenga. Nenda kamuulize aliyekusanya data kulikoni pale. Jibu lake liandike juu ya karatasi mpya, halafu uanze hatua ya pili.